Kutembezwa Baa kwa Baa si Utamaduni

Imezuka biashara mpya katika miji mikubwa ya dunia, nayo imekwisha kupiga hodi kwetu. Mgeni hulipa kiingilio. Kundi la watu kumi au ishirini wasiojuana hukutana magharibi mahali palipotajwa, na kiongozi kijana huwahesabu kama mwalimu wa zamu ahesabuvyo wanafunzi mstarini. Kisha huwaswaga kutoka baa hii kwenda baa ile, nusu saa hapa, nusu saa pale, mpaka usiku wa manane. Kila mlango una kinywaji chake, na kila kinywaji kimekwisha kulipiwa. Asubuhi ya pili mgeni huyo husema ameujua mji.

Miji iliyoitangulia njia hiyo imekwisha kuichoka. Mwaka 2020 Amsterdam ilikataza misafara ya kuongozwa kupita katika mitaa yake ya madanguro. Mwaka 2024 halmashauri ya mji wa Prague iliamua kuipiga marufuku misafara ya kuongozwa ya walevi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa wakazi wa mji mkongwe walikuwa hawalali. Na sisi, kama ilivyo desturi yetu, tunalipokea vazi ambalo mwenyewe amelivua. Nairobi na Dar es Salaam wapo wanaomtoza mgeni fedha ili wamzungushe usiku, na sasa nasikia watu wenye heshima zao wakisema kwamba Morogoro nayo ingefaa kujaribu. Tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, safari imekuwa ya chini ya saa mbili. Mtu aweza kutoka kazini jioni Dar es Salaam akala chakula cha usiku chini ya milima ya Uluguru. Basi, husema, kwa nini tusimpokee stesheni tukamtembeza vilabuni, tukaiita ziara ya utamaduni?

Neno hilo la mwisho ndilo linalonifanya nishike kalamu. Mtu akifungua baa akaiita baa, sina ugomvi naye. Mtu akiuza ulevi akauita utamaduni, hapo mwalimu na mwanafunzi hawana budi kuuliza ni utamaduni wa nani, na nani aliufanyia kazi.

Watetezi wa biashara hii wana hoja, nami sitaki kuzipuuza. Husema vijana wetu hawana kazi. Husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema tena kwamba zipo ziara za utamaduni zilizokwisha kukubalika nchini, na kwamba huko Mto wa Mbu mgeni huonjeshwa pombe ya ndizi na hakuna aliyelalamika. Ni kweli. Na hapa Morogoro wapo vijana wanaowapandisha wageni Morningside, kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, au kijiji cha Choma, au hadi kilele cha Lupanga chenye mita zaidi ya 2,100. Vijana hao nawavulia kofia. Kijana wa namna hiyo anajua njia ipi huteleza masika, mti upi ni dawa, na kwa nini msitu ule ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Anapita katikati ya mashamba ya watu na kuwasalimu wenye mashamba kwa majina. Mgeni akimwacha kijana huyo amepotea, maana ujuzi uko kichwani mwake.

Mtembezaji wa baa anajua nini? Anajua mlango. Bia anayompeleka mgeni kuinywa ndiyo ileile aliyokunywa Dar es Salaam, na mgeni huyo angeweza kuifikia kwa miguu yake mwenyewe kwa kufuata sauti ya spika.

Lakini tusikimbilie bia. Tuanze na pombe, maana ndiyo inayotajwa kila mara neno utamaduni linapohitaji kutafutiwa shahidi. Pombe ya mtama au ya mahindi haitengenezwi kwa nusu saa. Nafaka hulowekwa, hufunikwa mpaka ichipue, huanikwa juani mpaka iwe kimea, kisha husagwa. Uji hupikwa, hupozwa, hutiwa kimea, huachwa uchache. Kuni huchanjwa, maji huchotwa, na ye yote aliyepanda njia za Uluguru akiwa na ndoo kichwani anajua maji yana uzito gani. Kazi yote hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ya mama. Siku nyingi hupita kabla ya mtu kuinua kibuyu. Na pombe ile ilikuwa na sababu: ukoo unatambika, mwali anatolewa, mazishi yamekwisha na watu wamekuja kutoka mbali, au shamba la mjane linalimwa kwa ujima na hao walioshika majembe tangu alfajiri wanastahili kukaa kivulini. Aliyekunywa alijua anakunywa kwa ajili ya nani. Wazee walitangulizwa. Mlevi aliyewatukana watu alijulikana ukoo wake, na kesho yake mjomba wake aliulizwa.

Sisemi kwamba zama zile watu hawakulewa. Walilewa sana, na wapo waliouza mavuno ya mwaka wakayanywa. Ninalosema ni kwamba pombe ilikaa ndani ya madeni ya watu: fulani amepika, fulani atapika mwezi ujao, fulani amekunywa kwa watu miaka mitatu na mlangoni kwake hapajatoka moshi. Mtalii wa baa hana deni. Hilo ndilo analouziwa hasa, kuingia pasipo kujulikana na kutoka pasipo kuulizwa. Sasa mtu aniambie, ni sehemu gani ya utamaduni wetu iliyobaki katika kata moja ya pombe mtu akishaiondolea mpishi, sababu, wazee na kesho yake?

Tena tuwakumbushe vijana wetu kwamba hii si mara ya kwanza unywaji wa Mwafrika kupangiwa utaratibu na mtu mwingine. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, uliotiwa sahihi na madola ya Ulaya pamoja na Marekani, ulihusu vileo katika Afrika, na chini ya utaratibu wake pombe kali za kizungu zikawa haramu kwa mwananchi na halali kwa bwana. Mjini, mama aliyepika pombe alihitaji leseni, akauzie mahali palipowekwa na serikali, na ushuru ukachukuliwa. Mkoloni alimwona mnywaji wetu kuwa ni mtoto wa kulindwa, huku akimtoza. Mfanyabiashara wa leo anamwona kuwa ni picha ya kutazamwa, huku akimtoza mtazamaji. Mzee aliyekaa zake kilabuni baada ya kuuza matenga ya mboga aliyoyashusha kutoka Mgeta, amekunja miguu, anapumzika: nani amemwomba ruhusa kabla ya watu ishirini kuingia na kamera? Kilabu ni sebule yake. Hakuna mtu awezaye kuingia sebuleni kwa mkurugenzi kwa tikiti.

Nije sasa kwenye dansi, maana ndipo Morogoro ina la kujivunia, na ndipo hasara itakapokuwa kubwa zaidi.

Mji huu ulipitiwa na reli ya Mjerumani mwaka 1907, na tangu hapo ukawa mji wa watu wa kuja: makuli wa reli, manamba wa mashamba ya katani, makarani, Waluguru waliotelemka mlimani kutafuta fedha ya kodi. Watu wa namna hiyo hawana ngoma moja. Wakajitafutia. Mwaka 1944 ikaanzishwa Morogoro Jazz. Miaka michache baadaye Salum Abdallah akaanza bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba, na jina lenyewe lakiri lilikotoka: santuri za Cuba zilizokuwa zikiuzwa Afrika nzima. Mji mmoja mdogo, bendi mbili kubwa, na mashabiki waliogawanyika kama wa Simba na Yanga. Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiendeleza bendi. Upande wa pili alikuwa amekwisha kuinuka kijana Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, naye akafa kwa ajali ya barabarani karibu na Mombasa Januari 1979. Gitaa lake lingali likisikika kila penye redio.

Watu hawa walifanya nini? Walichukua rumba ya watu wa mbali, wakaifanyia mazoezi mchana, wakaitia Kiswahili, wakaitia matatizo ya nyumba zetu: mahari, ukata, rafiki msaliti. Bendi nyingi za zama zile zilikuwa vyama, zenye wanachama, michango, na vyombo vilivyokuwa mali ya wote. Dansi lilianza usiku na likaisha karibu na alfajiri mahali pale pale. Mtu alikaa. Alisikia wimbo mpya ukipigwa kwa mara ya kwanza, akaukataa kwa kutosimama, na juma lililofuata akausikia umebadilishwa. Mpiga gitaa alimwona mchezaji, na mchezaji alimwona mpiga gitaa. Kwa mazungumzo hayo muziki ule ulikua.

Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoitangazia nchi kwamba ameunda wizara ya utamaduni, aliwasuta wasomi waliojua kucheza rumba na dansi za Ulaya lakini hawakuijua gombesugu, kiduo wala lelemama. Alikuwa na haki kuwasuta. Hata hivyo wanamuziki wa Morogoro walimpa jibu ambalo nadhani hakulitazamia: rumba ileile, ikishafanyiwa kazi na watu wenyewe kwa lugha yao, nayo ilikuwa ya kwetu. Kwa hiyo hoja yangu haina uhusiano na ugeni wa kitu. Nawapinga pia wale ndugu wanaotaka kila mlango wa starehe ufungwe na waniite shahidi wao. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba Machi 2017 ilifanya vema, kwa kuwa vilikuwa vikiwaua vijana kwa bei ya peremende. Lakini ukumbi wa dansi si kiroba, na mji usio na mahali pa watu wazima kukutana usiku ni kambi.

Sasa tazama msafara unavyoingia ukumbini. Bendi iko katikati ya wimbo. Watu ishirini wanaingia kwa kelele, wanapiga picha, kiongozi anawaambia kwa sentensi mbili kwamba huu ndio mji wa Mbaraka, wanamaliza chupa zao, wanaondoka kabla kiitikio hakijarudi. Usiku mzima makundi matatu hufanya hivyo. Mwenye ukumbi ni mfanyabiashara, naye haraka atagundua kwamba wageni wa nusu saa hawahitaji bendi; wanahitaji spika na nyimbo za zamani zilizorekodiwa. Wanamuziki sita watarudi nyumbani, na mashine moja itabaki. Jina la Mbaraka litauza bia kila usiku bila senti moja kuwafikia warithi, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, nayo miaka hiyo kwa Mbaraka haijatimia hadi 2029. Ndivyo ziara ya utamaduni itakavyoua utamaduni inaoutembelea, na itauua ikicheka.

(Kwa njia, maji ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, na Ruvu hupata maji yake Uluguru. Hata barafu ya glasi ya mtalii tumeshamchangia kabla hajapanda treni. Mlimani bado wapo wanaochota kwa ndoo.)

Ndugu mwalimu, wanafunzi wako wa kidato cha nne ndio watakaofuatwa kwanza na wenye biashara hii, kwa kuwa wanajua Kiingereza kidogo na hawana mtaji. Watavishwa fulana. Kabla ya siku hiyo kufika, watume mitaani na madaftari. Wapo bado, Mji Mpya na Mwembesongo, wazee waliolipa kiingilio kwa Cuban Marimba, na wazee waliokataa katakata kuingia huko kwa sababu wao walikuwa wa Morogoro Jazz. Waulizwe dansi lilipigwa wapi, aliyesimama mlangoni alikuwa nani, mama gani alipika supu ya alfajiri, wimbo upi ulikataliwa na kwa nini. Kijana mwenye daftari la namna hiyo atakuwa na kitu cha kumwambia mgeni, na ataweza kukitoza bei.

Na halmashauri yetu, ikiwa kweli inataka mgeni wa usiku, haina haja ya msafara. Ipatikane bendi moja ya mji, yenye wapigaji wanaolipwa kwa mkataba, na ukumbi mmoja, kila Jumamosi. Mgeni alipe mlangoni bei ile ile alipayo fundi baiskeli wa Kihonda, akae meza iliyo karibu naye, aoneshwe hatua akikosea. Jumamosi ya tatu, akirudi, apewe jembe kama mgeni mwingine ye yote: abebe spika pamoja na vijana wa bendi. Atakayeona nusu saa inamtosha asizuiliwe. Stendi ya Msamvu haiko mbali, na mabasi siku hizi hupita usiku kucha.