Atropini: dawa ya kale, kipimo kinachotisha

Tarehe 4 Aprili mwaka 2017, mji wa Khan Sheikhoun nchini Syria uliposhambuliwa kwa gesi ya sarini, ulimwengu uliona picha za watoto wakitokwa povu vinywani. Siku iliyofuata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likakutana kwa dharura, na mnamo tarehe 7 makombora ya Marekani yakaupiga uwanja wa ndege wa Shayrat. Palizungumzwa mengi kuhusu silaha, lakini machache kuhusu atropini, dawa ambayo daktari huikimbilia kwanza katika saa kama ile.

Hata hivyo, sumu za ukoo wa sarini hazikai katika maghala ya kijeshi peke yake. Klopirifosi, dimethoeti na profenofosi, dawa za kuulia wadudu ambazo zimeuzwa kwa miaka mingi katika maduka ya pembejeo Afrika Mashariki, huudhuru mwili kwa njia hiyo hiyo, ijapokuwa nguvu yake ni ndogo. Mwezi Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni kilichoingiwa na monokrotofosi. Makombora hayakurushwa.

Nilipokuwa mhariri nyumbani, kabla ya kulazimika kuondoka, habari za mkulima aliyekufa kwa sumu ya shambani tulizipa mistari minne katika ukurasa wa ndani. Hatukuwahi kuuliza hospitali ilikuwa na ampuli ngapi.

Nalo ndilo swali lenyewe. Sumu hizi huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kutoka kwenye neva. Kemikali hiyo ikilundikana, mate, jasho na makamasi humwagika, moyo hupunguza mwendo, na mapafu hujaa maji hata mgonjwa akawa kama anayezama nchi kavu. Atropini huifungia asetilikolini mlango. Haiondoi sumu mwilini, wala haiponyi udhaifu wa misuli ya kupumulia. Huyo atahitaji mashine.

Tatizo ni kipimo. Ampuli ya kawaida ina miligramu 1 au 0.6, na daktari aliyezoea kutumia kiasi hicho kwa moyo uliolegea husita kuongeza. Mwongozo unaofuatwa na mabingwa wa sumu humwanzishia mtu mzima miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa, na mtoto miligramu 0.02 hadi 0.05 kwa kila kilo ya uzito. Baada ya dakika tano, kama hajapata nafuu, dozi hurudufiwa: 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16. Katika robo saa tu mgonjwa mmoja amekwisha kupokea miligramu 30, na bado atawekewa dripu ya asilimia 10 hadi 20 ya jumla hiyo kila saa. Zahanati yenye ampuli kumi humaliza akiba yake kabla maji ya uji hayajachemka.

Kinachoangaliwa ni mapafu yaliyokauka, moyo unaopiga zaidi ya mara 80 kwa dakika na shinikizo la damu lililopanda. Mboni za macho huchelewa kubadilika, hivyo hazifai kuwa kipimo. Moyo kwenda mbio peke yake si sababu ya kuinyima dawa.

Je, kurudufisha huku kuna faida? Utafiti wa Chittagong, Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2012, ulilinganisha wagonjwa zaidi ya 150. Waliopewa sindano za mtindo wa zamani walikufa asilimia 22.5, walioongezewa kwa kurudufisha na kuwekewa dripu, asilimia 8. Dawa ni ile ile.

Lakini pia ikizidi, atropini hugeuka adui: mgonjwa huwa mkavu na mwenye joto kali, huweweseka, tumbo husimama, mkojo huziba. Hapo dripu husimamishwa, kisha huanzishwa tena kwa kiwango cha chini zaidi. Ndiyo maana si dawa ya kuwekwa nyumbani. Wakati wa vita vya Ghuba mwaka 1991, askari wa Marekani walibeba sindano za kujidunga zenye miligramu 2. Nchini Israel, ambako raia waligawiwa sindano za aina hiyo, watoto wengi walijidunga kwa bahati mbaya.

Kazi ya jamaa ni nyingine: kumvua mgonjwa nguo zilizoloa, kumwosha kwa maji na sabuni huku wakijikinga mikono, kumlaza ubavu, kutomtapisha, na kwenda hospitalini na chupa ikiwa na karatasi yake.

Mwezi Mei 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubali kuiingiza klopirifosi katika orodha ya kemikali za kukomeshwa, lakini kwa misamaha kadhaa. Umoja wa Ulaya ulikwisha kuikataa tangu mwaka 2020. Chupa zilizokwisha kununuliwa zitakaa stooni misimu kadhaa bado, na bajeti za bohari za dawa kwa misimu hiyo zinaandikwa sasa.