Makosa ya mkono wa mtoto yaandikwe

Mzazi wa Nachingwea au Ruangwa anayempeleka kliniki mtoto mwenye mtindio wa ubongo huulizwa, "Anaendeleaje?" Naye hujibu, "Afadhali kidogo," au "Vilevile tu." Kwa jibu hilo mazoezi hubadilishwa, au mzazi hukata tamaa na kurudi shambani, maana korosho nazo hazisubiri. Naona tunaweza kufanya vizuri zaidi kwa rula ya shule na daftari.

Kama mtoto anaweza kunyoosha mkono, chora alama mezani kwa mkaa, kisha mwambie aiguse kwa kidole mara kumi. Kila mara andika amekosea sentimita ngapi, na upande gani.

Kwa nini upande? Chukua watoto wawili, majaribio manne tu. Wa kwanza amekosea kulia 6, kushoto 6, kulia 5, kushoto 5. Wa pili amekosea kulia 6, 6, 5 na 5. Ukitazama ukubwa wa makosa peke yake, wote wana wastani wa sentimita 5.5, utasema wako sawa. Hawako sawa. Mkono wa huyu wa pili umetulia, ila unaenda kombo upande mmoja. Mkono wa yule wa kwanza bado unayumba. Tofauti hiyo ya makosa aliiandikia mtafiti wa Marekani, Franklin Henry, mwaka 1974, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaihitaji ili ajue aanzie wapi.

Jambo la pili ni saa ya kupima. Mwisho wa mazoezi mtoto amechangamka na matokeo hupendeza, lakini kesho yake yanaweza kuwa yamepotea. Pima asubuhi, kabla ya mazoezi. Kilichobaki baada ya kulala ndicho alichojifunza. Ni vivyo hivyo kwa babu anayejizoeza kushika kikombe baada ya kiharusi.

Nawaomba wataalamu wa hospitali zetu za wilaya: mzazi akija na daftari, lisomeni. Nawe mzazi, usimkaripie mtoto kwa kosa unaloliandika. Makosa yakishuka kutoka sentimita 6 hadi 5 kwa mwezi mzima, macho hayawezi kuona. Wengi huacha mazoezi hapo hapo, wakati mtoto anaendelea.