Ndugu wa Pikipiki, Usikubali Tu Kujaziwa Sufuri

Hii ni kwako wewe unayebeba vifurushi na vyakula kwa pikipiki hapa Nakuru, kutoka Bondeni hadi Section 58, Lanet na Njoro. Na nyinyi wa Gilgil na Naivasha pia.

Kila Juni ni hadithi ile ile. Tarehe 30 ikikaribia unaingia saiba, unapeana PIN na paswadi, unalipa kitu kidogo, kijana anabonyeza mara tatu, unatoka na karatasi. Umejaziwa ritani ya sufuri, ile tunaita "nil". Yaani umeiambia KRA kwamba mwaka mzima hukupata hata shilingi. Lakini M-Pesa yako inasema mengine.

Najua mbona unafanya hivyo. Unaogopa kwamba ukisema ukweli utalipishwa. Basi hebu tupige hesabu.

Kampuni ikikwambia wewe si mwajiriwa wao, maana yake hakuna atakayekukatia PAYE wala kukupa fomu ya P9. Biashara ni wewe. Fomu yako ni IT1, na ndani yake kuna sehemu ya faida na hasara. Hapo unaandika pesa zilizoingia, kisha unatoa gharama za kazi. Kinachotozwa ushuru ni faida iliyobaki.

Tuseme unaingiza 1,200 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 374,400. Mafuta ya 400 kila siku ni 124,800. Sevisi na tairi 36,000. Bima 5,000. Bando 12,000. Gharama zote ni 177,800, faida ni 196,600.

Shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10. Kwako hiyo ni 19,660. Lakini kila mkazi ana nafuu ya ushuru ya 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Nafuu imeshinda ushuru. Unalipa nini? Hakuna.

Umeona? Aliyesema ukweli halipi, na aliyedanganya halipi. Tofauti ni kwamba aliyedanganya amebaki na rekodi ya uongo yenye jina lake, bila faida yoyote. (Mapato yakipita milioni moja kwa mwaka, huo ni ushuru mwingine, ule wa mauzo.)

Sasa pale penye shida. Tangu Januari 2024, gharama inahitaji risiti ya eTIMS ndiyo ikubalike. Bila risiti, zile 374,400 zote zinaweza kuhesabiwa kuwa faida, na hesabu yako iruke kutoka sufuri hadi 21,600. Kwa hivyo ukiweka mafuta, itisha risiti yenye PIN yako. Kwa fundi vilevile, na asiyekuwa nayo mwambie ajisajili. Stetimenti ya M-Pesa utaipata kwa *334#. Kama kampuni ilikukata ushuru wa zuio, angalia cheti chake kwenye iTax, kwa sababu hiyo ni pesa uliyokwisha kulipa. Na paswadi ya iTax ibaki yako, si ya saiba.

Usinyamaze pia. Kuchelewa kujaza ni faini ya 2,000 kila mwaka, au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Miaka mitatu ya kunyamaza ni 6,000 kwenda juu. Siku utakapotaka cheti cha KRA ili uombe tenda ya vijana au kazi ya kaunti, faini hizo zitakungoja mlangoni.

Lakini mzigo huu si wetu peke yetu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha rasmi. Mbona basi fomu ya mtu wa pikipiki iwe Kiingereza cha mhasibu? Kifungu cha 201 kinasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Haki ni pamoja na mtu kuelewa anachotia sahihi. KRA itengeneze fomu fupi ya Kiswahili, ya kujazwa kwa simu, kwa wanaojiajiri na wenye kipato kidogo. Hilo tulidai kwa sauti.

Juni 2024 vijana walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, na rais akakataa kuutia sahihi. Kizazi kilichoweza kusoma mswada hakiwezi kushindwa na fomu.

Ijumaa hii baada ya swala, kaeni watatu na stetimenti zenu mpige hesabu. Mkikwama, nendeni Huduma Centre mkaulize. Na usingoje tarehe 29 Juni, foleni utaiona.