Kuzaliwa Aru si kosa

Nilizaliwa Aru, upande wa Kongo, mwaka 1982, wakati nchi ile ikiitwa Zaire. Wazazi wangu ni Walugbara wa Logiri. Walivuka kwa miguu pamoja na maelfu ya watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, baada ya vita kuingia Arua mwezi wa Oktoba 1980. Anayedhani watu walikimbia bure na aulize yaliyotokea kwenye misheni ya Ombaci tarehe 24 Juni 1981, ambako raia waliokimbilia hifadhi waliuawa. Tuliporudi nyumbani nilikuwa mtoto anayesema Kilugbara, Kilingala na Kiswahili hiki ninachoandikia.

Nayasema haya wazi kwa sababu wenzangu wengi wa rika langu wanayaficha. Penye fomu inayouliza mahali pa kuzaliwa wanajaza Arua. Si kwamba ni watu waongo. Wanajua jina la Aru likishaonekana pale, maswali hayaishi: kwa nini jina lako ni la Kikongo, shule ulianzia wapi, nani anakujua. Mimi niliandika Aru. Afisa mmoja katika ofisi moja ya mjini alinisikiliza kidogo, akaniambia, "Mama, mbona unaongea kama Mkongo? Rudi na ushahidi." Ushahidi gani, hakusema. Hakuandika popote kwamba amenikatalia, kwa hiyo sikuwa na karatasi ya kumpelekea mkubwa wake.

Kinachoniuma ni kwamba sheria iko upande wetu. Ibara ya 10 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema mtu aliyezaliwa ndani au nje ya Uganda ni raia wa kuzaliwa, mradi mzazi wake mmoja, au hata babu au bibi mmoja, alikuwa raia wa kuzaliwa siku ile alipozaliwa. Ndani au nje. Walugbara, Wakakwa, Wamadi na Waalur wametajwa kwa majina katika Jedwali la Tatu la Katiba hiyo hiyo.

Tena mpaka wenyewe ni mchanga. Ardhi yetu ya West Nile ilikuwa katika eneo la Lado alilokodishwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1894. Alipofariki mwaka 1909 eneo likaenda Sudan, na mwaka 1914 West Nile ikaingizwa Uganda. Mstari uliowekwa kati ya Waingereza na Wabelgiji unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji ya Nile na maji ya Kongo. Maji yakagawanyika, koo hazikugawanyika. Shangazi zetu wameolewa ng'ambo, na soko la Ariwara huko huko ni letu sote. Kwa Wakakwa wa Koboko mambo ni mazito zaidi, maana ndugu zao wako Kongo na Sudan Kusini pia.

Najua hoja ya usalama, na siidharau. Jimbo la Ituri upande wa Kongo linawaka, na serikali ina haki ya kujua anayeingia. Najua pia wapo wenye kitambulisho cha Uganda mfuko mmoja na kadi ya mpiga kura ya Kongo mfuko wa pili. Uganda iliruhusu uraia pacha mwaka 2009 kwa utaratibu wake, lakini sheria ya Kongo ya mwaka 2004 inaukataa, kwa hiyo watu wanaficha. Kuficha huko ndiko kunakodhuru usalama. Serikali yenye madaftari yaliyojaa "Arua" za uongo haimjui mtu wake, na mwenye nia mbaya anapita humo humo kwa uongo ule ule.

Vitambulisho vya taifa vya mwanzo, vya mwaka 2014, vilitolewa kwa muda wa miaka 10, na mwaka 2025 serikali ilianza kuvifanya upya. Raia asiye na namba ya kitambulisho hasajili laini ya simu wala hapati pasipoti. Mzee wa miaka 80 asiye nayo anakosa fedha za wazee. Ningeomba Bunge na Wizara ya Mambo ya Ndani waanzie hapa kwetu mpakani. Waandike na kubandika ukutani ushahidi unaotosha: barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), wazee wawili wa ukoo, cheti cha ubatizo, tiketi ya kodi ya babu. Afisa akikataa, akatae kwa maandishi, na rufaa isikilizwe Arua, si Kampala iliyo karibu kilomita 500. Halafu watu wapewe muda wa kusahihisha mahali pa kuzaliwa bila kushtakiwa. Bila hilo la mwisho, mengine yote hayatasaidia, kwa kuwa hakuna atakayesema kweli akijua itampeleka mahakamani.

Wewe uliyezaliwa Aru, Ingbokolo au Yei wakati wa ukimbizi, na mama yako au bibi yako ni raia wa kuzaliwa: wewe pia ni raia wa kuzaliwa, si mwombaji wa hisani. Nenda na wazee wako wawili, wakati bado wako hai. Andika mahali ulipozaliwa kweli, na ukikataliwa, dai karatasi.