Mashine ya Kwanza Ilikufa kwa Nini?

Juma hili tumepata barua ya mzee mmoja mkulima wa bara. Mwanawe ana duka la vibao huko Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mahali wageni wanapokwenda kutazama pomboo baharini. Mashine yake ya kuchapia vibao imekufa. Sasa kijana ameomba nyumbani wauze ng'ombe wawili na kipande cha shamba la kahawa, aongezee fedha zake anunue nyingine, tena kubwa kuliko ile. Mzee anauliza: nimpe au nisimpe? Mimi mashine hiyo hata sijapata kuiona.

Mzee wetu, mashine hiyo huitwa printa ya UV. Herufi hizo ni jina la miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, inayofifisha rangi ya nguo kambani. Printa yenyewe ni kama meza. Fundi hulaza juu yake ubao, kioo, bati au plastiki, kisha kichwa chenye matundu membamba mno hupita juu kikirusha wino. Wino huo haungojei upepo ili ukauke. Taa iliyo ubavuni mwa kichwa huumulika kwa miale hiyo, nao hugeuka mgumu papo hapo. Kazi ambayo mwandishi wa brashi na rangi ya mafuta aliingojea hata kesho yake, hii huimaliza mteja akiwa bado mlangoni.

Basi, usianze kwa kumwuliza mwanao bei. Mwulize kwanza: ile ya zamani ilikufa kwa ugonjwa gani? Jambo hili unalijua kwa mashine ya kusaga. Mtu aliyeunguza injini kwa rejeta inayovuja, akanunua injini mpya na rejeta akaiacha vile vile, ataiunguza na hiyo mpya. Katika printa, kinachokufa mara nyingi ni kichwa, nacho ni moja ya sehemu zenye bei kubwa. Ikiwa ni kichwa tu, na bado kinauzwa, huenda hapana haja ya mashine nyingine kabisa.

Kichwa hufa matundu yake yakiziba, na mkorofi mkubwa ni wino mweupe. Weupe wake hutokana na unga wa madini ya titani, nao ni mzito. Hutuama chini kama unga wa muhogo ndani ya ndoo ya maji. Kwa hiyo mashine nzuri ina pampu ya kuuzungusha wino huo usiku na mchana, hata siku isiyo na kazi. Je, umeme ukikatika? Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 njia hiyo iliharibika, kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima gizani. Desemba 2009 ikaharibika tena, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Mwaka 2013 uliletwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, na hali ikawa nafuu, lakini umeme wa kukatika saa mbili tatu bado upo. Tena zamani hizo za giza zinatufundisha kupima mashine kwa siku mbaya. Ongeza na masika, wageni wanapopungua na mashine kulala majuma mazima bila kuguswa.

Kwa hiyo mwanao aulize muuzaji kama pampu ya wino mweupe yaweza kwenda peke yake kwa betri ndogo, mashine ikiwa imezimwa. Na kabla ya hapo ajiulize kama weupe anauhitaji kweli. Unahitajika juu ya mbao za rangi ya giza na plastiki angavu. Ikiwa vibao vyake vingi ni vya plastiki nyeupe, weupe umo tayari kwenye ubao.

Sababu nyingine ni jua lenyewe. Miale inayogandisha wino kwenye kibao hugandisha pia uliomo matunduni. Duka la Kizimkazi lililofungua mlango kuelekea mchanga mweupe linajitafutia msiba kila asubuhi. Dawa yake ni pazia zito, au kuigeuza mashine ielekee upande mwingine, na hilo halihitaji kuuza hata kuku. Fundi anayechapa juu ya kitu kinachong'aa, kama kioo cha kujitazamia, naye aangalie, maana mwanga hurudi juu na kukipiga kichwa.

Kijana anasema ameona kubwa iliyokwisha kutumika Ulaya, kwa bei ya kuvutia. Hapo tusimame kidogo. Nyingi za zamani zina taa za zebaki. Taa hizo hula umeme mwingi, hungoja zipate moto kabla ya kazi, huchoka baada ya saa elfu moja hivi, na joto lake hupinda plastiki nyembamba. Plastiki iliyopinda huinuka ikakigonga kichwa, na kazi ya siku imekwisha. Taa za siku hizi, ziitwazo LED, huwaka mara moja, hazina joto jingi, na hudumu saa elfu nyingi. Wala wino wa taa moja haufai kutiwa hivi hivi katika nyingine.

Na ukubwa? Ubao mzima ni futi 8 kwa 4. Meza ya kiasi hicho ina uzito mkubwa sana. Itavushwa bahari, itabebwa hadi kusini, kisha haipiti mlangoni! Majina ya mashua, namba za vyumba vya wageni, orodha za vyakula: vitu hivyo vingi hutosha katika meza ya sentimita 60 kwa 90. Afungue kitabu cha risiti ahesabu ni kazi ngapi mwaka jana zilizidi hapo. Asihesabu mwezi wa Tamasha la Kizimkazi peke yake, kila mtu anapotaka bango.

Wino nao huisha umri, mara nyingi ndani ya mwaka tangu kutengenezwa, na joto huuharakisha. Asome tarehe kwenye chupa. Aulize pia ni nani atakayekuja kuitengeneza, na kichwa cha akiba kitapatikana wapi. Kisha achukue mbao zake mwenyewe akachapiwe mbele ya macho yake. Akikwaruze kibao kwa ukucha, akikate kwa wembe mistari inayopishana, abandike utepe wa gundi na kuunyakua, na kingine akiloweke maji ya bahari siku kadhaa. Sampuli ya muuzaji haimwambii kitu.

Mama watoto wake ajue pia kwamba wino usioganda huwasha ngozi. Glavu ni lazima, dirisha lenye feni ni lazima, na watoto wasilale chumba hicho.

Asimwahidi mteja kibao cha milele. Hapo hapo Kizimkazi Dimbani uko msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na yangali yakisomeka. Printa yoyote ya leo haitafikia tindo la fundi yule. Rangi zake hupauka juani.

Kwa maoni yetu, mzee, shamba lisiguswe, na hata shauri la ng'ombe usilikate bila mama yake kijana. Mwandikie mwanao akueleze kwa barua kilichoua mashine ya kwanza, kazi alizohesabu katika risiti, na bei ya kichwa kipya peke yake. Kazi za sasa azipeleke zikachapwe mjini, hata kama faida itapungua. Majibu yakifika, tuandikie tena. Ng'ombe wakae zizini kwanza.