Likasi: Valvu ndogo ya freni, hatari kubwa kwa abiria wa RN1

Kati ya Likasi na Lubumbashi, mwendo wa kilometa karibu 120 kwenye barabara ya kitaifa namba 1 (RN1), abiria wengi wanasafiri katika magari ya okazyo. Mengi yametoka Japani, yakapitia Dar es Salaam na Zambia kabla ya kuingia Kasumbalesa. Ajali ikitokea, watu wanataja kwanza mwendo wa kasi na matairi. Kifaa kimoja hakitajwi sana: valvu inayogawa nguvu ya freni kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Dereva anapokanyaga freni, uzito unakimbilia mbele na nyuma inakuwa nyepesi. Magurudumu ya nyuma yakipata nguvu nyingi, yanajifunga kwanza na gari linageuka kando. Kazi ya valvu ni kupunguza nguvu hiyo ya nyuma.

Kwenye aina nyingi za Toyota Hilux na HiAce, valvu hiyo ina kijiti cha chuma kilichounganishwa na ekseli ya nyuma. Gari likipakia, bodi inashuka, kijiti kinasukuma valvu, na freni za nyuma zinaongezewa nguvu. Likiwa tupu, zinapunguziwa.

Biashara ya usafiri ndiyo inayovuruga hesabu hiyo. Ili kubeba watu na mifuko mingi zaidi, mwenye gari anaongeza vyuma vya resori. Nyuma inabaki juu hata gari likijaa, na valvu inadhani ni tupu. Freni za mbele zinafanya karibu kazi yote, zinapata moto, na mwishowe zinakosa nguvu.

Kosa lingine ni kuondoa valvu inayovuja na kuunganisha mabomba moja kwa moja. Freni zinaonekana kali, lakini siku ya mvua, gari likiwa tupu, nyuma inateleza. Hatari inaongezeka pale usukani unapohamishwa kutoka kuume kwenda kushoto, kwa sababu mabomba ya freni nayo yanapitishwa upya.

Zipo pia valvu za kurekebisha kwa mkono, zinazotumika katika magari ya mashindano. Huko uzito haubadiliki sana, na dereva anajaribu mahali pa wazi mpaka magurudumu ya mbele yajifunge kwanza. Taksi-basi inatoka na abiria watatu na kurudi imejaa. Kipimo kimoja hakiwezi kutosha safari zote mbili. Na gari ambalo ABS yake inagawa nguvu kwa umeme halihitaji valvu hiyo hata kidogo.

Chaguo lililo salama ni valvu ya aina ileile ya gari, iliyopimwa upya kila resori zinapobadilishwa. Ni gharama ya mwenye gari, lakini anayelipia uzembe ni abiria, kwenye barabara anayopishana na malori ya shaba, kobalti na asidi.

Ofisi ya Udhibiti ya Kongo (OCC), inayofanya ukaguzi wa kiufundi wa magari, na Tume ya Kitaifa ya Kuzuia Ajali Barabarani (CNPR) zina mahali rahisi pa kuanzia: kuinama chini ya gari na kutazama kama kijiti kipo na kinasogea. Karatasi yenye muhuri haisimamishi gari.