Saa ya Mkononi Haijui Sababu

Makala moja iliyodai kuwa saa ya kupima mwendo inatosha kumtambua mgonjwa wa sonona, bila yeye kufungua kinywa, imeanza na ukweli ikaishia pabaya.

Ukweli upo. Nchini Uingereza, watu 91,105 wa mradi wa UK Biobank walivaa vifaa vya kupima mwendo mkononi kwa siku saba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wale ambao pilika zao za mchana hazikutofautiana sana na za usiku walielekea zaidi kuwa na historia ya sonona. Ni matokeo mazito.

Lakini yanahusu kundi, si mtu mmoja. Wala hayasemi kipi kilitangulia, usingizi kuvurugika au moyo kuzama. Tena mwendo hubadilika kwa sababu nyingine: mlinzi wa zamu ya usiku hushinda amelala. Mwenye baridi yabisi hujikokota kwa sababu magoti yanauma. Na wapo wenye sonona wasiotulia hata kidogo, wanaozunguka chumbani hadi alfajiri. Ndiyo maana swali la nane la PHQ-9, dodoso la kupima sonona, huuliza yote mawili, uzito wa mwendo na kutotulia. La tisa huuliza kama mtu amewaza kufa au kujidhuru. Hilo saa haiwezi kulijibu, na ndilo lisilopaswa kukosa kuulizwa.

Basi kifaa hiki kimfuatilie mgonjwa ambaye sonona yake tayari inajulikana, kati ya kliniki moja na nyingine, ili mwendo ukibadilika muuguzi ampigie simu mapema.